Chumba cha Watu Waliokosana

Mtaani wengi walimjua kwa jina la Mapazia, hata wale ambao hawakuwahi kumpelekea kitambaa. Alianza na cherehani moja chini ya ngazi za duka la vitambaa, akishona mapazia ya watu, na alikuwa na tabia iliyowachekesha wateja na kuwaudhi kwa pamoja. Hakukubali kukata kitambaa kabla ya kwenda kukiona chumba chenyewe. Akifika, alisimama katikati, akalipa dirisha mgongo, akainama na kukitazama chumba kichwa chini, kupitia kati ya magoti yake. Alisema ukikitazama chumba namna hiyo, akili inasahau kwamba kiti ni kiti na meza ni meza. Unabaki na rangi, mwanga, na kitu gani kinamlemea mwenzake. Kisha aliinuka, uso umemwiva kwa damu, akasema, "Baba mwenye nyumba hakai sana humu, siyo?" Mara nyingi alikuwa amepatia, na mara moja alifukuzwa kwa kupatia.

Kazi ya sinema ilimjia kupitia mapazia hayohayo. Kampuni ndogo ya filamu ilitaka pazia la wodi ya hospitali, akaenda kupima dirisha, na hakuondoka tena. Walimkabidhi pasi. Akawa mtu wa kunyoosha mavazi ya waigizaji: mashati ya polisi, magauni ya maharusi, suti za matapeli. Mikono ilikuwa kwenye pasi lakini macho yalikuwa kwenye seti, yaani pale mahali palipopangwa ili papigwe picha. Akiona sahani nyekundu mezani mwa mtu mwenye huzuni, alihisi mwili unamwasha kama aliyekanyaga siafu. Jioni alimwaga yote kwa mumewe, mwoka mikate, mtu mpole aliyenukia hamira hata siku za mapumziko.

"Leo tajiri kawekewa kiti cha plastiki," alisema.

"Labda amefilisika."

"Anafilisika mwishoni. Leo bado ni tajiri."

"Basi ni bahili," mume alijibu, na Mapazia alicheka mpaka akashikilia mlango, kwa sababu hilo nalo liliwezekana, na kiti kimoja kilikuwa kimebadilisha mtu mzima.

Siku iliyomgeuzia maisha ilianzia katika kikao cha kazi. Mwongozaji wa filamu, bwana mrefu mwenye sauti ya kutangaza mpira, alikuwa akisoma kurasa za tukio jipya. Mume na mke wamekosana. Wanaishi nyumba moja bila kusemeshana. Mke anatoka uani na kumsimulia jirani kila kitu, tangu siku walipooana hadi asubuhi ile. Mwongozaji aliyaandika maneno hayo mwenyewe na aliyapenda kama mtu anavyompenda kitinda mimba wake. Alisoma ukurasa, akasoma mwingine, na Mapazia, pasi mkononi kwenye kona, akashindwa kujizuia.

"Maneno yote haya ni ya nini?"

Wote waligeuka. Mpiga pasi hakuwa na kawaida ya kuzungumza kikaoni.

"Ni ili mtazamaji ajue wamekosana," mwongozaji alijibu.

"Chumba kingemwambia."

"Chumba hakina mdomo, Mapazia."

"Nipe kimoja uone."

Hapo kukapanda harufu. Kola ya shati la polisi ilikuwa inaungua chini ya pasi. Mpiga picha wa kamera, mtu mnene asiyecheka ovyo, alianza kucheka, na kicheko kikazunguka meza mpaka kikamfikia mwongozaji.

"Haya," alisema akijifuta macho. "Nyumba tuliyoahidiwa imetukwamia, kwa hiyo chumba nakihitaji kwelikweli. Tumia cha kwako. Mtu asiyejua kitu akiingia na kuelewa bila kuambiwa, na mimi nikikiona hivyohivyo kwenye kamera, maneno nayafuta, na seti zote zilizobaki unazipanga wewe. Asipoelewa, unarudi kwenye pasi, na sitaki tena kusikia habari za sahani nyekundu."

"Sawa," alisema Mapazia, kabla hajakumbuka kwamba chumba kile kilikuwa pia cha mumewe.

Mwoka mikate alizipokea habari akiwa amesimama na mswaki mdomoni. "Yaani sisi tuliopatana tunakopesha nyumba kwa watu waliokosana?"

"Ndiyo."

"Mimi nifanye nini?"

"Shika ncha ile ya meza."

Walifanya kazi jioni nzima kama watoto wanaocheza nyumba-nyumba. Viti vyao viwili, ambavyo siku zote vilikaa bega kwa bega mbele ya redio, vilitenganishwa. Cha mume kilisukumwa hadi karibu na ukuta na kugeuzwa kidogo, si sana. Mapazia alikiinua na kukishusha mara nyingi mpaka kikawa kama mtu anayejifanya hasikii. Meza iliwekwa katikati, na juu yake nguo zilizokunjwa katika marundo mawili, mashati huku, magauni kule, hata soksi zisigusane. Mapazia meupe aliyachovya kwenye sufuria ya chai ya rangi ili weupe ule wa furaha ufifie. Kikombe kimoja kilikuwa na chai iliyoganda utando juu, cha pili kisafi, kimefunikwa juu ya kisahani chake. Picha yao ya harusi aliishusha na kuificha chini ya kitanda, na ukutani ikabaki alama ya mraba, nyeupe kuliko rangi iliyoizunguka, kwa kuwa jua halikuwahi kuifikia. Alipoiona alama ile aliruka. Hangeweza kuibuni.

Mwisho kabisa alitundika kitambaa chekundu cha kichwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Alitaka mtazamaji akumbuke kwamba mwanamke huyu aliwahi kuwa mchangamfu.

Mumewe alikaa kwenye kile kiti cha ukutani kujaribu. Akatulia. Akakohoa. "Mke wangu, nimekaa hapa kidogo tu na tayari nakuomba msamaha moyoni, sijui kwa kosa gani."

Mapazia alifurahi, lakini hakuitia maanani sifa hiyo. Mumewe alisifu kila kitu. Aliwahi kusifu pazia lililoshonwa ndani nje.

Kesho yake watu wa filamu walikuja na nyaya zao. Mpiga picha alitembea chumbani taratibu, akavuta kitambaa cheusi kikafunika dirisha moja na kuliacha lingine wazi. Mwanga ukakatika katikati ya meza kama umepimwa kwa rula: upande wa kiti cha mke ukawa wa manjano, upande wa mume ukawa wa majivu. Mapazia alitaka kumkumbatia. Aliinama katikati ya chumba, akakitazama kichwa chini, na mpiga picha, baada ya kusitasita, akaweka kamera sakafuni na kuinama naye.

"Unaona?" aliuliza Mapazia kutoka chini.

"Naona," alijibu mpiga picha kwa sauti ya mtu aliyebanwa tumbo. "Kinaegemea upande mmoja."

Lakini kila aliyekuwepo alikuwa ameshasoma hadithi. Mwongozaji alisema wapate chakula kwanza, kisha angemwita mtu yeyote anayepita barabarani, asiyejua lolote, amwingize chumbani na kumwuliza anaona nini. Wote wakaenda uani na mikate ambayo mwoka mikate aliwaachia kabla ya kwenda kazini. Mapazia aliushika mkate wake bila kuula. Aliwaza pasi. Aliwaza kola zote za mashati yote yaliyomsubiri. Hakuweza kukaa, akainuka akaenda ndani kukitazama chumba mara ya mwisho.

Katikati ya chumba alisimama mama mkwe wake.

Alikuwa na ufunguo wake, aliopewa na mwanawe, na desturi yake ya kuja siku aliyojisikia. Mkoba ulikuwa bado begani. Mkono mmoja ulifunika mdomo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba itasubiri. Tangu lini hamsemeshani?"

Mtu mwingine angeeleza hapohapo. Mapazia mwenyewe alifungua mdomo kueleza. Lakini moyo ulimruka kama chura, kwani mtu asiyejua lolote alikuwa amekwisha kuingia, tena amekwisha kuelewa, na maneno yaliyomtoka hayakuwa yale aliyoyakusudia.

"Nani amekwambia, Mama?"

"Aniambie nani? Mimi si kipofu. Kiti cha mwanangu mmekitupa ukutani, kinatazama pembeni kama mtoto aliyenuna."

"Hicho ndicho ulichokiona kwanza?"

Mama mkwe alimtazama kwa mshangao. "Unaniuliza kama mwalimu? Nguo zake zimetengwa na zako, hata soksi. Kikombe kimoja kimenywewa, kimoja hakijaguswa. Hapa anakunywa mtu mmoja, na hata huyo hamalizi."

"Na mapazia?"

"Mapazia ndiyo yameniuma zaidi. Mwanamke mwenye jina kama lako kuacha mapazia yake yawe na rangi ya maji ya kufulia soksi, basi amekata tamaa."

Mapazia aliuma midomo. Kicheko kilikuwa kimempanda mpaka kooni, na machozi nayo yalikuwa njiani, na hakujua kipi kingetangulia. Kwa pembe ya jicho alimwona mwongozaji amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkate mkononi, ametoa macho. Akamfanyia ishara nyuma ya mgongo anyamaze.

"Pale ukutani, Mama. Unaona nini?"

Mama mkwe aliitazama ile alama nyeupe, na sauti ikampungua. "Picha ya harusi yenu. Nilikuwa nimesimama kulia kwako. Mmenitoa na mimi."

Hapo Mapazia alishikwa na aibu, akamshika mkono ili amweleze ukweli, lakini mama mkwe hakuwa amemaliza.

"Sasa niambie mwenyewe. Huyo mwenye kitambaa chekundu ni nani?"

"Yupi?"

"Huyo aliyetundika kitambaa chake nyuma ya mlango wako. Nilikiona kabla ya kiti, kabla ya kikombe. Nikasema, aha, kumbe."

"Ni changu, Mama. Nilikinunua mwenyewe."

"Usimfunikie. Cha kwako kingekuwa na rangi kama ya vitu vyako vingine humu."

Mapazia aligeuka akakitazama, na ni kama amemwagiwa maji. Katika chumba alichokinyima rangi yote, alikuwa ameacha nyekundu moja tu, na nyekundu hiyo ilikuwa inapiga kelele. Alitaka iseme "zamani alicheka," nayo ilisema "kuna mwanamke mwingine." Ilikuwa imeteka hadithi nzima. Yeye mwenyewe, aliyewahi kuwashwa mwili kwa ajili ya sahani nyekundu, alikuwa ametundika sahani nyekundu yake nyuma ya mlango. Alikichomoa kitambaa msumarini, akakisokota, akakitia ndani ya blauzi.

"Tazama tena, Mama. Tafadhali."

Mama mkwe alitazama.

"Sasa ni kama hakuna aliyekosa," alisema polepole. "Wamechoka tu, wote wawili. Hii ni mbaya zaidi."

Kutoka mlango wa jikoni kulisikika mtu akimeza mkate kwa shida.

Mlango wa mbele uligonga ukuta. Mwoka mikate aliingia mbio, unga hadi kwenye kope, mkono mmoja umevaa donge la unga kama glavu, maana mama yake alikuwa ameshampigia simu. "Nani amekufa?"

"Ndoa yako," alisema mama yake. "Kaa pale. Si kiti hicho."

"Mama, ni sinema. Nilisahau kukwambia."

"Sinema gani? Sinema ina watu."

Kama waliokuwa wakisubiri kuitwa, watu wakaanza kumiminika kutoka jikoni: mwongozaji, mpiga picha, mwigizaji wa kike na mwigizaji wa kiume, kila mmoja na shikamoo yake na makombo kifuani. Mama mkwe alizipokea zote. Akautazama ule umati, akamtazama mkwewe, akakitazama kitambaa cheusi dirishani. Mapazia alisubiri hasira. Badala yake mama mkwe alivuta pumzi ndefu.

"Basi mnisamehe. Lakini chumba chenu ni kibaya."

"Kibaya kiasi gani, Mama?" aliuliza mwongozaji kwa upole mkubwa.

"Nilitaka kumpiga kofi mwanangu, na hajafanya kitu."

Mwongozaji alizitoa kurasa zake mfukoni. Alizitazama kama mtu anayeaga msafiri gatini, akazikunja, akazirudisha. "Hatutasema haya," alimwambia mwigizaji wa kike.

"Nimeyakariri mpaka mume wangu anayajua," alilalamika mwigizaji. "Jana kaniongezea neno nililosahau."

"Kaa tu. Tazama ukutani." Kisha akamgeukia Mapazia. "Usianze kuruka. Mama yako mkwe ameelewa, vizuri sana. Bado kamera. Kamera haina mwana wa kumhurumia, na jua la dirisha hilo linaondoka."

Ilibidi waharakishe, kwa sababu wakati watu wanasalimiana, mama mkwe alikuwa amekwisha kusogeza kiti cha ukutani hadi mezani na kuchanganya soksi. Mapazia alikirudisha kiti. Mama mkwe aligeuza uso asione. Aliwekwa kwenye stuli mlangoni, nyuma ya kamera, mwanawe amemshika bega, na unga wa mkono ule ukabaki kwenye gauni lake.

Mara ya kwanza waigizaji walikaa, mwanamke upande wa manjano, mwanamume upande wa majivu, na kabla mwongozaji hajavuta pumzi, stuli ilisonya msonyo mrefu uliosikika hadi barabarani. Wakakata. Mwoka mikate aliomba radhi kwa niaba ya mama yake, mama yake akasema haombi radhi.

Mara ya pili kulikuwa kimya. Mapazia alichungulia kwenye kioo kidogo cha mwongozaji, kilichoonyesha kile kinachoonwa na kamera. Kile chumba alichokizoea kila siku hakikuwepo. Palikuwa na watu wawili kila mmoja katika rangi yake, na meza katikati yao ikiwa pana kama kiwanja. Mwanamke aliinua macho kwenye alama ya ukutani, akayashusha. Hakusema kitu, na ilikuwa kama amesema kurasa zote. Jua lilikuwa linavutwa kutoka mezani kidogo kidogo.

"Msogelee," alisema mama mkwe.

Hakusema kwa sauti kubwa. Alisema kama mtu anavyomwambia mwanawe. Na mwigizaji wa kiume, kijana aliyelelewa vizuri, alitii. Aliinuka, akakibeba kiti bila kukiburuta, akavuka ule mpaka wa mwanga. Nusu ya uso wake ikawaka. Akakaa mezani, mbele ya rundo lake la mashati, asijue la kufanya.

Mpiga picha alimtazama mwongozaji. Mwongozaji alikuwa ameinua mkono wa kukata, na mkono ukabaki hewani.

Mwigizaji wa kike hakuwa ametarajia kitu hicho hata kidogo. Aliona yale mashati yanamziba mwenzake. Akayachukua, akatafuta pa kuyaweka, hakupata. Akayaweka juu ya magauni yake. Rundo likawa moja, likayumba, wote wawili wakalidaka kwa pamoja. Jua likatoka mezani. Chumba kizima kikawa rangi moja.

"Kata," alisema mwongozaji, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo.

Halafu fujo ikaanza. Mpiga picha alimkumbatia mwoka mikate na wote wawili wakawa weupe. Mwigizaji wa kiume alikuwa anajitetea kwamba mzee akisema sogea, unasogea. Mama mkwe alitaka kujua kama sasa wamepatana au itabidi arudi kesho. Mwongozaji alikitazama kioo kile tena na tena, kisha akaanza kutafuta viatu vyake.

"Sauti ya Mama tutaifuta," alisema. "Vingine vyote vinabaki."

"Na mimi?" aliuliza Mapazia.

"Wiki ijayo tuna ofisi ya mkuu wa shule anayewaogopa wanafunzi wake. Tafuta mtu wa kumwachia pasi."

Mapazia alikuwa amejiandaa kujibu kwa heshima, kitu kifupi cha kukumbukwa. Alifungua mdomo na heshima yote ikamwagika. "Meza iwe kubwa kuliko mlango, mtu ajiulize iliingiaje. Na kiti chake kiwe kifupi, kidevu kigonge meza. Hapana, kiti kiwe kirefu, miguu isifike chini. Wanafunzi wanasimama wapi? Dirisha liko upande gani?"

"Sijui bado," alisema mwongozaji, akiingia garini. "Pumzika leo."

"Liwe nyuma yake. Asionekane uso. Waone kivuli tu, kumbe kivuli chenyewe ndicho kinachotetemeka."

Gari liliondoka polepole kwa sababu alikuwa ameshika dirisha. Mama mkwe alitoka mlangoni akamwita arudi, chai iko tayari na watu wote wa nyumba hii sasa wanakunywa pamoja. Mapazia alimpungia bila kugeuka. Alikuwa anatembea sambamba na gari, kiatu kimoja kimebaki nyuma, akimweleza mwongozaji kwamba saa ya ukutani iwe juu sana, karibu na dari, hata mkuu wa shule mwenyewe asiweze kuifikia, na mwongozaji, shingo nje ya dirisha, alikuwa ameanza kumwuliza kwa nini.